Ukumbi usio na madirisha kando ya Barabara ya Nyerere: ulikuwa wa kazi gani, na mitambo yake ilikwenda wapi?

#1 Jicho la Keko

Wanajamvi, salaam. Napiga picha za majengo ya viwanda vilivyofungwa hapa Dar es Salaam, na kuna ukumbi mmoja kando ya Barabara ya Nyerere ambao nimeshindwa kuusoma. Sitakitaja kiwanja chenyewe, kwa sababu msimamizi aliniruhusu kuingia kwa sharti hilo.

Ukumbi ni mrefu na kuta zake hazina dirisha hata moja, isipokuwa matundu ya mraba yaliyo juu, karibu na paa. Sakafu ya zege imechimbwa mifereji inayokwenda sambamba kutoka ukuta hadi ukuta, na baadhi ya vyuma vilivyokuwa vikiifunika bado vipo. Kati ya mfereji na mfereji kuna vishina vya boliti vilivyokaa vinne vinne. Vyote vimekatwa kwa moto wa gesi usawa wa sakafu, na kingo zake zinaonyesha jinsi chuma kilivyoyeyuka kikaganda tena. Chini ya mihimili ya paa kumeshikamana utando mweusi mnene, na kwenye ukuta wa mashariki kuna namba zilizoandikwa kwa rangi nyekundu kuanzia 1, ingawa nyingi zimebanduka.

Mimi naamini palikuwa pahali pa kufumia nguo. Naomba anayejua athibitishe au anipinge, kwa sababu sitaki kuonyesha watu ukuta mbovu unaopendeza machoni bila kuwaeleza waliofanya kazi mle walikuwa wakitengeneza nini.

#2 FundiMitambo

Naunga mkono nguo. Uzi wa pamba hukatika hewa ikikauka, ndiyo maana katika chumba cha kufumia unyevu wa hewa hushikiliwa juu ya asilimia 65 wakati wote wa kazi. Ukiweka madirisha, unyevu wote unatoka nje na upepo wa bahari unaingia na kutoka upendavyo. Hewa yenye unyevu hushushwa kutoka juu kwa mabomba mapana, kisha hufyonzwa chini kupitia mifereji ya sakafuni, ikiondoka na vumbi la pamba, inachujwa na kurudishwa tena. Mifereji uliyoieleza, mleta mada, inafanana kabisa na mifereji hiyo.

#3 Binti Newala

Nasita kukubaliana na mchangiaji wa #2, na sababu yangu ni ule utando mweusi. Nimekulia karibu na kiwanda cha kubangua korosho. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi, na korosho zilipokuwa zikikaangwa katika mafuta hayohayo yaliyochemka, moshi wake ulipanda na kuganda kwenye mihimili ukawa kama lami. Katika miaka ya 1970 Serikali ilijenga viwanda kadhaa vya kubangua korosho kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vingine kwa mitambo ya Kitaliano na vingine kwa mitambo ya Kijapani. Vingi vilisimama katika miaka ya 1980, baada ya mavuno ya korosho kuporomoka. Watu hudhani viwanda hivyo vilikuwa Mtwara na Lindi peke yake, lakini hata huku Pwani na Dar es Salaam vilikuwapo.

Kaka Jicho la Keko, ukiugusa utando ule vaa glavu. Mafuta ya ganda la korosho hayapotezi ukali wake haraka.

#4 Mzawa wa Muheza

Je, mmefikiria mkonge? Kwenye chumba cha kupigia brashi singa, vumbi hujaa hadi kwenye mihimili, likichanganyika na grisi ya mashine linageuka jeusi. Mkonge wa Kilosa na Morogoro ulikuwa ukishuka kwa Reli ya Kati hadi bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo haitakuwa ajabu kukuta ghala au kiwanda cha kamba kando ya barabara hiyo, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu.

#5 Kijana wa Vingunguti

Mzawa wa Muheza, tangu nimekufahamu humu jamvini hakuna uzi wa viwanda ambao hukuupeleka kwenye mkonge. Hata tulipojadili kiwanda cha matairi cha Arusha ulitafuta mkonge ndani ya tairi.

Nirudi kwenye swali la pili la mleta mada. Mimi ninafanya biashara ya chuma chakavu. Boliti zilizokatwa kwa gesi usawa wa sakafu zinasema jambo moja tu: mashine ile iliuzwa kwa kilo. Mtu anayetaka mashine ikafanye kazi kwingine hufungua nati, anaandika namba za vipuri, anapaka grisi na kupakia. Anayeuza kwa kilo hana haja ya kuhangaika na nati. Fremu za chuma cha kusubu huvunjwa kwa nyundo, mota hufunguliwa ili kutolewa shaba, na kinachobaki kinakwenda kwenye tanuri kuyeyushwa kuwa nondo. Inawezekana kabisa kwamba vipande vya mashine za ukumbi ule viko ndani ya nguzo za maghorofa ya Kariakoo.

#6 Mfumaji Mstaafu

Vijana, hamjambo. Nimefuma kanga na vitenge kwa miaka mingi katika kiwanda kimoja cha hapa mjini ambacho sitakitaja, kwa kuwa mambo ya mafao yetu hayajakwisha.

Kijana wa Vingunguti anasema kweli kuhusu chuma, lakini hitimisho lake ni la haraka mno. Boliti iliyokaa miaka 20 karibu na bahari, katika chumba chenye unyevu kila siku, haifunguki. Sisi wenyewe tulipohamisha mashine kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine tulizikata boliti kwa gesi, tukatoboa sakafu upya tulikohamia, na mashine zikafanya kazi. Kwa hiyo alama ya gesi haitoshi kumwambia mtu kwamba mashine iliuawa.

Kuhusu namba nyekundu ukutani, kila safu ya mashine ilikuwa na namba, na mfumaji alikabidhiwa safu yake mwanzo wa zamu. Ukiingia zamu ya usiku unatazama ukuta kwanza, kisha unakwenda kwenye safu yako. Kelele za mle hazikuruhusu mtu kumwuliza mwenzake chochote. Tulisemeshana kwa mikono na midomo, na hata leo wengi wetu tunasikia kwa taabu.

#7 Jicho la Keko

Shikamoo mzee wetu. Maelezo ya namba ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta, kwa sababu namba zile ziko juu kidogo ya kimo cha mtu, mahali ambapo mtu anayetoka mlangoni angeziona mara moja.

#8 Mfumaji Mstaafu

Marahaba, mwanangu.

#9 Mpenda Historia

Niongeze mazingira ya wakati ule. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, viwanda vingi viliingia mikononi mwa umma na vingine vipya vikajengwa. Urafiki pale Ubungo ndicho kielelezo, kiwanda kilichojengwa na Warusi mwaka 1978. Kisha Mzee Mwinyi alipoingia na kufungua milango, mitumba ikajaa na viwanda vya nguo vikafa. Kwa hiyo kama ukumbi ule ulikuwa wa nguo, aliyeufunga ni mtumba.

#10 Mwalimu wa Mburahati

Mpenda Historia, Urafiki ulijengwa kwa msaada wa China na ulifunguliwa mwaka 1968, ndiyo maana ukaitwa Urafiki. Ubia wa Wachina na Serikali, wao wakiwa na asilimia 51 na sisi 49, ulikuja baadaye, katika miaka ya 1990.

La pili ni zito zaidi. Kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje kulianza mwaka 1984, Mwalimu Nyerere akiwa bado madarakani, pale wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuleta bidhaa bila kuulizwa walizipataje. Mzee Mwinyi aliapishwa Novemba 1985. Yeye alipanua mlango ambao ulikwisha kufunguliwa, na jina la Mzee Ruksa likamgandia, lakini si sahihi kumbebesha mwanzo wake.

#11 FundiMitambo

Na si mtumba peke yake. Kabla ya mtumba kuna ukame wa fedha za kigeni uliofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta. Kiwanda kinaweza kuwa na pamba, wafanyakazi na soko, lakini kikakosa mkanda mmoja au beringi moja ya kuagiza nje, na safu nzima inasimama. Mafundi tulichinja mashine moja ili kuiponya nyingine, na mwisho nusu ya ukumbi ikawa stoo ya vipuri. Halafu ukaja mgawo wa umeme wa miaka ya 1990, mabwawa yalipokauka. Mashine ya kufumia ikizimika ghafla huacha kasoro kwenye kitambaa, na umeme ukikatika mara kwa mara, kinachotoka hakiuziki.

#12 Mzawa wa Muheza

Tusisahau pia kwamba vipo viwanda vilivyozaliwa vikiwa wagonjwa. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, kikakusudiwa kuuza viatu vingi Ulaya, na hakikuwahi kufikia hata asilimia 10 ya uwezo wake hadi kilipofungwa. Hapo huwezi kuulaumu mtumba wala mgawo. Na mtaona kwamba safari hii sikutaja mkonge.

#13 Wakili Kijana

Nimesoma uzi wote na ningependa kugusa jambo ambalo hakuna aliyeliuliza: kwa nini jengo tupu linabaki limesimama katika mji ambao kiwanja kina thamani kubwa hivi?

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwenye hati anamiliki kwa muda na kwa masharti. Mojawapo ya masharti hayo ni kukiendeleza kiwanja kwa matumizi yaliyoandikwa. Ukibomoa kiwanda bila kujenga kingine, una kiwanja ambacho hakijaendelezwa, na hati yako inaweza kufutwa. Ukiliacha jengo na kulipangisha kama ghala, una hoja ya kujitetea. Zaidi ya hapo, wapo waliokopea hati, na benki haitaki dhamana yake ivunjwevunjwe. Na mnakumbuka kwamba mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza viwanda vilivyobinafsishwa na kutoendelezwa virudishwe serikalini, jambo lililowafanya baadhi ya wamiliki wachukue tahadhari kubwa na mtu yeyote anayekuja na kamera.

Kuhusu mitambo, kumbukeni kwamba mwaka 1991 iliundwa LART kwa ajili ya kufuatilia madeni sugu ya benki, na mashirika mengi ya umma yalikuwa na madeni hayo. Mashine ni mali inayohamishika. Katika ufilisi ndiyo huuzwa kwanza, jengo likifuata baada ya miaka. Kwa hiyo mitambo ya ukumbi ule inaweza kuwa ilinadiwa kihalali kabisa.

Mwisho kwenu wapiga picha: kuingia bila ruhusa katika mali ya mtu kwa nia ya kumuudhi au kutenda kosa ni jinai kwa mujibu wa kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu. Mlango kuwa wazi si ruhusa. Pateni barua yenye sahihi, na msielekeze kamera kwenye eneo la jeshi au sehemu yoyote inayolindwa. Anayetaka kurusha droni awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na barabara hiyo inaelekea uwanja wa ndege, kwa hiyo asishangae akikataliwa.

#14 Kijana wa Vingunguti

Wakili, mnada wa kihalali nimeuona, na usiku wa malori yasiyo na karatasi nimeuona pia. Nakubali kwamba alama ya gesi haitofautishi kati ya hayo mawili.

#15 Mama Afya

Nimefanya kazi ya afya mahali pa kazi na naomba mnisikilize kabla hamjaendelea na korosho na pamba. Mleta mada, paa la ukumbi huo ni bati la chuma au ni zile shuka za kijivu zenye mawimbi makubwa, ambazo zikivunjika huonyesha nyuzinyuzi?

#16 Jicho la Keko

Ni za kijivu, mama. Chache zimevunjika na vipande viko sakafuni.

#17 Mama Afya

Basi ichukulie kuwa ni asbesto hadi ithibitishwe vinginevyo. Shuka ikiwa nzima na imetulia haina madhara makubwa, lakini ikivunjwa, ikikanyagwa au ikifagiliwa, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Ukizivuta zinabaki kwenye mapafu, na maradhi yake, ikiwamo saratani ya utando wa mapafu, hujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo. Usikanyage vipande, usivichukue kuwa kumbukumbu, na nguo ulizovaa usizikung'ute nyumbani mbele ya watoto.

Kama kuna popo, lipo jambo jingine. Kinyesi chao kikikauka na kutifuliwa hubeba vimelea vya kuvu vinavyoingia mapafuni. Wanaopenda kwenda kwenye mahandaki ya zamani ya kaolini kule Pugu nao walifikirie hili.

#18 Msafiri wa Pugu

Asante, mama. Mimi ni mmoja wa hao wanaokwenda Pugu, na nimelizingatia.

Naomba nimsaidie mleta mada upande wa picha. Umelalamika kwingine kwamba ukumbi unatoka mweusi na matundu ya juu yanatoka meupe tupu. Weka kamera kwenye stendi, ISO 100, tundu la lenzi f/8, kisha piga picha tatu za pahali hapohapo: moja kwa ajili ya sakafu, moja ya kati, moja kwa ajili ya matundu, halafu uziunganishe. Usitumie taa ya kamera, kwa maana itafuta michirizi yote ya ukutani ambayo ndiyo ushahidi wenyewe.

Chagua pia mwezi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, na upande wa kusini miezi inayobaki. Kama ukuta wako wenye namba unapata mwanga kupitia matundu ya kusini, nenda Januari au Februari, wakati wa kaskazi, mbingu ikiwa safi. Mwanga utaingia kwa mshazari na kila namba iliyobanduka itaonekana kwa kivuli chake.

#19 Mpenda Historia

Shukrani Mwalimu wa Mburahati kwa masahihisho ya #10. Swali langu kwa Wakili: majengo haya hayalindwi na Sheria ya Mambo ya Kale?

#20 Wakili Kijana

Sheria ile ni ya mwaka 1964, na ulinzi wake wa moja kwa moja unahusu majengo ya kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye linahitaji kutangazwa rasmi ili lilindwe. Boma la Kale, pale karibu na bandari, ni la miaka ya 1860, na watu wanalitetea. Ukumbi wa kufumia wa miaka ya 1960 hauna wa kuutetea.

#21 Mwalimu wa Mburahati

Hili linaniuma. Tanganyika Packers pale Kawe ilisindika nyama ya makopo iliyouzwa hadi Uingereza, na leo vijana wengi wanalijua jina hilo kama viwanja vya mikutano ya dini. Ukiwauliza kwa nini panaitwa hivyo, wachache sana wanajibu. Mahali palipolisha na kuajiri watu wengi kiasi kile pamebakia jina la kituo cha daladala. Picha za mleta mada zina thamani, lakini sauti ya mzee Mfumaji ina thamani zaidi, na yeyote anayeingia kwenye majengo haya na kamera aingie pia na kinasa sauti, amtafute aliyefanya kazi mle.

#22 Binti Newala

Naafiki kabisa. Hata hivyo bado sijajibiwa kuhusu utando mweusi. Vumbi la pamba ni jeupe.

#23 Mfumaji Mstaafu

Binti yangu, ni jeupe siku ya kwanza. Likishika mafuta ya mashine na moshi wa barabara kwa miaka 40, linakuwa jeusi. Chukua kipande kidogo, ukiloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni usiku kucha. Kikiachia nyuzi laini fupi ni pamba, nyuzi ndefu ngumu ni mkonge au katani, na kisipoachia kitu nitakubali korosho yako.

#24 FundiMitambo

Kipo kipimo cha pili kisichohitaji kugusa chochote. Mleta mada apime umbali kati ya boliti za kila kundi. Kanga ina upana wa takribani sentimita 110, na mashine ya kuifuma lazima iwe pana zaidi ya kitambaa, kwa sababu kila upande kuna kisanduku kinachopokea kile kijiti kinachopitisha uzi wa mlalo. Boliti zikiwa zimekaribiana mno, hapakuwa na mashine ya kufumia pale, labda ya kusokota.

#25 Mfumaji Mstaafu

Miguu ya mashine si lazima iwe kwenye ncha zake. Zetu ziliingia ndani kiasi. Kipimo chako, fundi, kitapotosha. Afadhali atazame mifereji inaishia wapi. Kama ni ya hewa, yote hukutana kwenye chumba kimoja cha mwisho, chenye tundu kubwa la duara la feni.

#26 Jicho la Keko

Upande wa magharibi kuna chumba ambacho mifereji mitatu inaingia, mingine sikuweza kuifuata kwa sababu pamejaa magunia ya mpangaji wa sasa. Ukutani kuna duara kubwa lililozibwa kwa matofali mapya zaidi kuliko ukuta wenyewe. Nje yake kuna msingi wa zege wa duara ambao nilidhani ni wa tangi.

#27 Binti Newala

Duara la ukutani linaweza kuwa la feni ya kutoa moshi wa kukaangia, na msingi wa nje unaweza kuwa wa bomba la moshi.

#28 Mfumaji Mstaafu

Hata kiwanda cha nguo kina boila na bomba la moshi, kwa ajili ya kupika uji wa wanga wa kupaka nyuzi kabla ya kufuma.

#29 Mzawa wa Muheza

Na kwa nini isiwe vyote viwili, nguo kwanza, kisha mpangaji wa pili akaleta jambo lake? Namba za ukutani zinaweza kuwa za mmoja na utando wa mwingine.

#30 Jicho la Keko

Nimezungumza na msimamizi, amekubali nirudi mpangaji atakapohamisha magunia. Nitapima boliti, nitafuata mifereji, na nitachukua kipande cha utando nikiwa na glavu na barakoa isiyo ya kitambaa, kama alivyoonya Mama Afya. Mzee Mfumaji, kama afya inaruhusu, nitaomba nije kukuchukua ili uuone ukumbi kwa macho yako, ukae mlangoni pasipo na vipande vya paa.

#31 Mfumaji Mstaafu

Nitakuja. Njoo asubuhi kabla ya foleni ya Tazara.